Karanga Moja Kwenye Gari Namba Ishirini na Saba

Mimi ndiye niliyeleta karanga uwanjani Dunmere. Nasema mapema ili mtu asipoteze muda wake kunichunguza. Nilizileta kwa makusudi, akili zangu timamu, beji ya mkaguzi wa usalama ikining'inia kifuani, na wakinirudisha kazini leo nitazileta tena.

Kwa miaka ishirini na miwili nilikagua magari ya mashindano katika uwanja huo, nusu maili ya udongo mweusi, mashamba ya mahindi pande tatu, na upande wa nne mabanda ya maonyesho ya nguruwe. Kila Jumamosi kuanzia Aprili mpaka Septemba nilisimama kwenye lango la yadi, pale magari yanaposhushwa kutoka kwenye matrela, nikiwa na tochi, kalamu na hasira. Nilikagua mikanda, helmeti, bolti za kiti, wavu wa dirishani, mtungi wa kuzimia moto. Gari likipita, nalibandika stika ubavuni. Watu wanadhani hiyo ni kazi ya magari, kumbe ni kazi ya kubishana na wanaume wazima.

Mchukue Tucker Brandsma, bingwa wetu mara mbili, mkulima wa soya, mikono kama koleo. Mikanda ya gari la mashindano ina tarehe iliyoshonwa pembeni, kwa sababu utepe huchoka kwa jua na udongo. Mwezi wa tano Tucker alinijia na mkanda ambao tarehe yake ilikuwa inakaribia kusomeka kwa historia tu.

"Tucker, huu mkanda umekwisha kabla mwanao wa kwanza hajazaliwa."

"Mkanda unakwishaje, mama? Kwani ni maziwa?"

"Tarehe hiyo hapo, soma."

"Tarehe wanaweka wenye kiwanda ili tununue tena. Mimi huu nimeutunza kivulini."

"Kivuli gani?"

"Kwenye banda la mbwa."

"Na mbwa analala wapi?"

"Juu yake. Na mbwa mzima kabisa, hana hata jeraha."

Au Rollie Stumme, fundi mabomba, ambaye ovaroli yake isiyoshika moto ilikuwa na tundu mgongoni la ukubwa wa sahani. Mama yake alilishonea kiraka cha pazia la jikoni lenye picha za jogoo. Nilimwuliza moto ukiwaka itakuwaje. Akanijibu kwamba jogoo ataungua kwanza, kwa hiyo yeye atapata dakika mbili za kutoka. Alisema hivyo bila kucheka, na kanuni ilitaka ovaroli ivaliwe tu, haikusema neno kuhusu mapazia. Nikabandika stika huku nikisaga meno.

Basi wanaume haohao, wasioogopa ukuta wa zege wala petroli inayochuruzika, ukiwaonyesha karanga wanakimbia.

Hakuna anayejua ilianzia wapi. Wanasema zamani gari fulani lilivunjikavunjika na kwenye kiti yakakutwa maganda ya karanga. Gari la nani, uwanja gani, mwaka gani, hupati jibu. Lakini woga upo, na kwetu Dunmere umeandikwa. Kanuni ya kumi na moja, iliyopigwa chapa na babu yake mwenye uwanja mwaka 1958, inasema karanga, maganda yake, siagi yake na chochote kilichogusana nazo ni marufuku yadini. Gari litakalokutwa na karanga halitakimbia mpaka afisa mwenye umri mkubwa kuliko wote aridhike kwamba nuksi imeondoka. Nimemwona Rollie akitema chokoleti aliyopewa na mtoto, akasukutua kwa soda mbili, akaenda kulala ndani ya trela na hakukimbia siku hiyo. Nimemwona mke wa mchungaji, aliyetuletea kwa moyo mweupe mikate ya siagi ya karanga, akisindikizwa nje na wanaume watatu waliotembea hatua kumi nyuma yake.

Sasa kuhusu shingo.

Kuna kifaa tunakiita nira. Unakivaa mabegani, mikanda ya gari inakibana kifuani, na kamba mbili fupi zinakiunganisha na helmeti. Gari likigonga ukuta, kiwiliwili kinashikwa na mkanda, lakini kichwa nacho kinataka kuendelea na safari. Nira inakizuia kichwa kisiondoke peke yake. Ni chepesi, hakiumi, hakipunguzi mwendo. Na katika kitabu chetu cha kanuni kilikuwa na neno moja tu mbele yake: kinapendekezwa. Nimelichukia neno hilo kuliko nguruwe wa jirani.

Gaylen Tiedt, mwenye uwanja, nilimwomba kila mwaka alibadilishe.

"Nikiwalazimisha, Ardith, Jumamosi ijayo wote watavuka mto wakakimbie kule," alikuwa akiniambia. "Nitabaki na wewe na nguruwe."

Na mimi nilikuwa na sababu yangu. Mdogo wangu, Verlyn Kruse, ana miaka hamsini na mmoja na gari namba ishirini na saba. Nimemlea mimi, maana mama alikuwa zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha nyama. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu, kuogelea na kuendesha trekta, na kosa langu ni hilo la tatu. Mwaka juzi mwezi wa nane aligonga ukuta wa kona ya nne. Alitoka akitembea, akala mkate wake wa nyama ya nguruwe, kisha akaniambia kwamba kichwa anakisikia kama kimekaa juu ya fimbo. Hospitali daktari alituonyesha picha. Pingili moja ya shingo ilikuwa na ufa.

"Itapona," daktari alisema. "Lakini ikirushwa tena namna hiyo, Bwana Kruse, huenda ukaishi miaka yako iliyobaki ukiomba maji kwa kupepesa macho."

Verlyn alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mwezi wa nne naweza kukimbia?"

Nikamnunulia nira. Alinishukuru, akanikumbatia, akaenda nayo nyumbani. Novemba, sikukuu ya Shukrani, ile ya kula bata mzinga, nikaalikwa kwao, nikaingia sebuleni, na kwenye ukuta nikaona kichwa cha kulungu alichompiga risasi zamani kikiwa kimevalishwa nira yangu.

"Verlyn, kile ni nini?"

"Kimempendeza, eti?"

"Huyo kulungu amekufa miaka kumi na tisa."

"Na shingo haijamsumbua hata siku moja."

Mkewe, Joleen, alikuwa anakata keki ya maboga. Aliikata kwa nguvu kiasi kwamba kisu kiligonga sahani.

Baadaye, tukiwa tunaosha vyombo, Verlyn aliniambia ukweli wake. "Dada, nikivaa ile kitu naona nimeshasaini kwamba nitagonga. Unajiandaa kugonga, unagonga. Mimi nataka nikae mle ndani nikijua sitagonga." Alikuwa ananiangalia kama alivyokuwa akiniangalia akiwa na miaka sita, akitaka nimwambie chini ya kitanda hakuna kitu. Niliogopa mno siku ile. Msimu mzima uliofuata, kila Jumamosi, nilikagua gari lake nikalibandika stika, kwa sababu kwa mujibu wa kitabu gari lake lilikuwa salama.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba tunakimbia mchana, mizunguko arobaini, na bingwa wa mwaka anapatikana. Verlyn alikuwa nyuma ya Tucker kwa pointi mbili. Kwa miaka thelathini hajawahi kuwa bingwa wa kitu chochote, hata wa kula mahindi. Nilijua siku hiyo atalitupa gari kwenye kila kona. Njiani nilisimama kituo cha mafuta kununua kahawa, na pale kwenye kaunta, karibu na viberiti, kulikuwa na mfuko wa karanga.

Nilikaa garini na ule mfuko mapajani kwa dakika ishirini. Ujue nami nimezaliwa katika mambo haya. Mkono ulikataa kuufungua. Ilibidi nivae glovu.

Yadini nilimkuta Verlyn anapangusa usukani. Kando yake alikuwa amesimama Mzee Wendell Ruge, mwenye bendera wetu, miaka themanini na mmoja, afisa mkubwa kwa umri kuliko sote. Mzee Wendell aligonga ukuta mwaka 1971 na tangu siku hiyo shingo yake haigeuki. Ukimwita kutoka nyuma inabidi usubiri ageuke mzima mzima, miguu kwanza, kisha tumbo, kisha uso unakuja mwisho. Vijana wamezoea, hawaoni tena.

"Verlyn, nira iko wapi?"

"Iko kazini."

"Kazini wapi?"

"Kwa kulungu. Dada, usianze leo. Leo nakuomba."

Nikatoa mfuko. Verlyn alirudi nyuma mpaka akagonga rundo la matairi.

"Dada. Weka hiyo kitu chini. Polepole."

"Niweke hapa?"

"Usiweke chini!"

"Basi vaa nira."

"Huthubutu."

"Verlyn Kruse, nimekutawaza wewe utotoni. Nitashindwa kutupa karanga?"

Nikatupa moja. Ilipita dirishani, ikagonga usukani, ikatoa sauti ndogo, ikatua katikati ya kiti.

Rollie Stumme, aliyekuwa anapunguza upepo wa matairi kwenye gari la tatu kutoka hapo, aliangusha mkate wake wa nyama na hakuuokota. Tucker Brandsma alikuja mbio, na sitasema uongo, alikuja na tabasamu.

"Kanuni ya kumi na moja!" alipiga kelele. "Namba ishirini na saba halikimbii! Mmeona wote, kanuni ya kumi na..."

Niliubana mfuko kwa nguvu mno, ukapasuka. Karanga zilimwagika, zikabiringika kwenye udongo, chini ya trela, chini ya magurudumu, na moja ikaenda taratibu mpaka ikasimama mbele ya kiatu cha Tucker. Aliitazama. Tabasamu lilimtoka kidogo kidogo.

Kufumba na kufumbua yadi nzima ilikuwa imepanda juu ya vitu. Wanaume kumi na tisa, wengine kwenye bonati, wengine kwenye madebe, Rollie juu ya jenereta. Gaylen Tiedt alikuja na kigari chake cha umeme, akaona chini kuna nini, akakirudisha nyuma hatua ishirini na kutupigia kelele kutoka huko.

"Ardith! Umefanya nini?"

"Nimevunja kanuni ya kumi na moja! Isome yote, usiishie katikati!"

Akasoma. Alipofika kwenye afisa mwenye umri mkubwa, watu wote walimgeukia Mzee Wendell, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa ameelekea kwingine. Tukasubiri ageuke.

Sikuwa nimepanga naye lolote. Naapa. Nilikuwa nimefika mwisho wa mpango wangu, kama ule unaweza kuitwa mpango.

Mzee aliingiza mkono dirishani mwa namba ishirini na saba akaitoa ile karanga kwa vidole vitupu. Wanaume wawili waliangalia pembeni. Aliinusa. Kisha alinitazama mimi, muda mrefu, na baada yangu akamtazama Verlyn, si usoni, bali kwenye shingo.

"Mwaka sabini na moja," akasema, "mle garini mwangu mlikuwa na karanga. Sikuwahi kumwambia mtu."

Rollie alishika kichwa.

"Mnadhani nuksi ya karanga inakaa kwenye gari? Gari ni chuma, nuksi itakula nini? Inampanda dereva. Inakaa hapa." Alijigusa kisogo. "Inakaa kimya inasubiri kona. Ukifika kwenye kona inakikamata kichwa na kukivuta mbele. Mimi mnaniona nilivyo, hamnioni?"

Akajizungusha ili wamwone vizuri, miguu kwanza, tumbo, uso. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa baadhi yao kumtazama.

"Dawa yake nini, mzee?" aliuliza Tucker kwa sauti ambayo sikuijua kwamba anayo.

"Ikose mahali pa kukaa. Kisogo kifungwe. Kichwa kifungwe na mabega, kiwe kitu kimoja."

"Kifungwe kwa kitu gani?"

Mimi nilikuwa nakagua viatu vyangu.

"Sijui," alisema Mzee Wendell. "Kitu kama nira hivi."

Verlyn alifungua mdomo. "Mimi sina..."

"Unayo," ilisema sauti kutoka kwenye pikapu lao. Joleen alishuka na mkoba wake mkubwa wa kufumia sweta, akaifungua zipu, akatoa nira. Ilikuwa bado ina manyoya ya kulungu.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo miaka ishirini na miwili ya tochi haikunionyesha. Milango ya mapikapu ilianza kufunguka, mmoja baada ya mwingine, yadi nzima, na wake zao wakashuka. Kila mmoja alikuwa nayo. Walikuwa wameshanunua wote, zamani, kila mtu kivyake na kimyakimya. Moja bado ilikuwa na udongo wa chungu cha maua. Moja ilikuwa inazuia mlango wa trela usijifunge. Ya Tucker ilikuwa bado ndani ya karatasi ya zawadi yenye maputo.

"Hii nini?" Tucker alimwuliza mkewe.

"Zawadi yako ya kuzaliwa. Ya mwaka juzi."

"Si ulisema ni soksi?"

"Wewe ndiye ulisema ni soksi, baba. Hukufungua."

Waliokosa walikuwa wanne, wale wasio na wake. Gaylen akakumbuka kwamba kuna muuzaji mmoja aliwahi kuacha sampuli nne ofisini, na tangu hapo zilikuwa zimewekwa chini ya friji ya soda kusawazisha sakafu. Wakazitoa, na siku nzima iliyobaki friji ilisimama upande. Helmeti za siku hizi zina matundu tayari ya vishikizo. Nilivifunga mwenyewe, helmeti kumi na tisa, nimepiga magoti kwenye udongo katikati ya karanga zangu, na madereva walisimama foleni juu ya mbao ili wasikanyage chini.

Kila mtu sasa alikuwa na swali kwa mzee. Je, nuksi inaweza kupenya kwenye wavu wa dirishani uliotoboka? Inaweza, ndiyo njia yake ya kawaida. Nyavu tatu zikabadilishwa. Je, na mkanda ambao tarehe yake inaisha mwezi ujao? Huo inaupenda sana. Rollie alikuja wa mwisho, akageuka akamwonyesha mgongo.

"Na jogoo je?"

Mzee Wendell alilitazama lile pazia. "Jogoo hana neno. Jogoo anakula karanga."

Nilitaka kumzaba kibao.

Bendera ya kijani ilishuka saa moja na nusu baada ya muda wake. Magari yalikwenda vizuri, pengine vizuri kuliko msimu mzima, maana kila dereva aliamini adui wake mkubwa amefungiwa nje ya kisogo chake. Mzunguko wa thelathini na moja Verlyn alimpita Tucker kwa ndani. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mdogo wangu alikuwa mbele. Kwa mizunguko miwili alikuwa bingwa, na Joleen alikuwa amenishika mkono wa glovu akiuminya.

Kwenye kona ya nne gari la nyuma kabisa, lililokuwa karibu kupitwa, lilijizungusha likasimama kati ya njia. Verlyn alikata kulia. Udongo pale ulikuwa umekauka na kuteleza, na namba ishirini na saba lilikwenda moja kwa moja, pua mbele, kwenye ukuta uleule.

Sauti ile sitaieleza.

Mzee Wendell alipeperusha nyekundu. Magari yakasimama. Kwetu dereva akiwa mzima anashusha wavu wa dirishani, ndiyo salamu yake kwa watu wake, na hakuna anayeketi mpaka wavu ushuke. Mimi nilitazama wavu. Haukushuka. Watu wa gari la wagonjwa walikuwa wanakimbia na mimi nilikuwa nimesharuka ukuta, jambo ambalo mkaguzi haruhusiwi, na nilikuwa nasema kwa sauti, tafadhali, tafadhali, shusha, wewe mtoto, shusha. Niliahidi mambo mengi katika hatua zile. Niliahidi kwamba akitoka mzima anaweza kunichukia mpaka nife.

Wavu ukashuka.

Alichelewa, nilikuja kujua baadaye, kwa sababu alikuwa anapapasa kiti akitafuta kama kuna karanga ya pili.

Alitoka kupitia dirishani, akavua helmeti, akaitupa kwenye udongo. Pua ya gari ilikuwa imeingia mpaka kwenye injini. Watu wa gari la wagonjwa walimbonyezabonyeza shingo, wakamwambia ainame, ainuke, wakakuta michubuko ya mkanda mabegani na hakuna kingine. Akaniona.

"Umeona?" alinguruma. "Umeona karanga yako? Nilikuwa mbele! Nilikuwa mbele, dada!"

Na alikuwa akitikisa kichwa kwa hasira, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mimi nilikaa chini palepale kwenye udongo nikalia kwa furaha, na yeye akadhani najuta.

Tucker alikuwa bingwa mara ya tatu. Jioni ileile kikao cha madereva kilikaa kwenye banda la nguruwe, na hakuna aliyekuwa na shaka hata chembe. Karanga ilimgongesha Verlyn, nira ikamwokoa. Katika mambo mawili walipata moja, nami nikaona inatosha, sikubisha. Gaylen aliomba beji yangu. Kura ya kunifungia nje ya yadi maisha yangu yote ilikuwa kumi na tisa kwa sifuri, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mdogo wangu.

Kisha wakaandika kanuni ya kumi na mbili. Ninayo nakala, nimeiwekea fremu. Inasema kila dereva atavaa nira ya shingo katika kila mzunguko, wa mashindano na wa mazoezi, kwa muda wote ambao Ardith Kruse atakuwa hai. Mwezi haukuisha viwanja vya ng'ambo ya mto navyo vikaiandika, maana nina gari na leseni yangu haijaisha. Nimeanza kupunguza chumvi na kutembea maili mbili kila asubuhi. Sina haki ya kufa mapema.

Wakati wa baridi nilimpelekea Mzee Wendell supu. Nilimwuliza kama kweli mwaka sabini na moja mlikuwa na karanga.

"Karanga mimi sili kabisa," alisema. "Zinanijaza gesi." Akanywa supu yake akiwa ameinua bakuli mpaka mdomoni, kwa sababu kuinama hawezi.

Aprili mashindano yakafunguliwa. Nilikata tiketi kama watu wengine. Langoni walinipekua mkoba, mifuko, hata kofia, kisha nikaenda kukaa juu, upande wa kona ya nne, na watu wakaacha viti viwili vitupu kila upande wangu. Yadi naiona kutoka pale. Wamempa kijana mmoja tochi yangu na anaishika vibaya.

Verlyn hajasema nami tangu Septemba. Joleen huniletea keki na habari. Siku ile, kabla ya bendera, madereva walisimama kwenye mstari mbele ya jukwaa kwa ajili ya wimbo wa taifa, kofia kifuani, kila mmoja na nira yake mabegani, kamba zikining'inia. Mdogo wangu alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Aliinua macho akayapitisha jukwaani akitafuta, akanipata, na akanigeuzia uso.

Hakugeuka mwili. Miguu ilibaki ilipokuwa, mabega yalibaki yalipokuwa, ni shingo tu iliyogeuka, taratibu, mpaka kidevu kikafika begani, akabaki hivyo anayatazama mabanda ya nguruwe ili asinione mimi. Niliitazama ile shingo mpaka wimbo ukaisha.